Bezaleli Yuko Darasa la Tatu

Somo la juma hili: Kutoka 35:30–35

Sura za mwisho za kitabu cha Kutoka huwa tunazipita mbiombio. Ni dhiraa, vitanzi vya mapazia, vikuku, misumari ya shaba na ngozi za kondoo dume. Hata wale waliojiwekea nadhiri ya kusoma Biblia nzima kwa mwaka, hapo ndipo usingizi huwashika.

Lakini katikati ya vipimo hivyo Musa anasimama mbele ya taifa zima na kumtaja mtu mmoja kwa jina, jina la baba yake, la babu yake na kabila lake: Bezaleli mwana wa Uri, mwana wa Huri, wa kabila la Yuda. Si kuhani wala nabii. Ni fundi wa dhahabu, fedha na shaba, mchonga mbao na mkata vito. Musa anasema mtu huyu amejazwa Roho wa Mungu, ili apate kubuni kazi za ustadi. Pembeni yake yupo Oholiabu wa kabila la Dani, mtarizi na mfumaji. Kisha mstari wa 34 unaongeza neno ambalo wahubiri wengi huliruka: hawa wawili hawakupewa mikono yenye ustadi tu, walipewa pia moyo wa kuwafundisha wengine.

Basi kumfundisha mtu kuchora, kuchonga, kufuma na kubuni ni karama, na chanzo chake ni kile kile cha karama ya kuhubiri. Nauliza leo: hapa Ikolo, na katika Kyela yetu yote, karama hiyo tunaifanyia nini shuleni?

Mara nyingi inakuwa hivi. Ni kipindi cha mwisho, mchana, joto la bondeni limepanda na watoto wanasinzia. Mwalimu anachora ubaoni nyumba yenye paa la pembetatu, dirisha moja, mlango mmoja na bomba la moshi juu ya paa. Anasema: haya, choreni. Watoto wote wanachora nyumba ile ile, na anayeikaribia zaidi ya ubaoni anapata tiki kubwa. Ndugu zangu, ni nani hapa ukanda wa ziwa aliyewahi kuhitaji bomba la moshi wa moto wa kupasha joto sebule? Na wakati watoto wameinamia bomba hilo, Milima ya Livingstone imesimama nje ya dirisha, migomba na mikakao imezunguka uwanja, na mpunga umefika hadi nyuma ya madarasa. Hakuna aliyeambiwa atazame nje. Anayetazama nje anakaripiwa.

Sisemi haya kumshutumu mwalimu. Ana watoto wengi kuliko madawati, hana karatasi wala rangi, na mara nyingi yeye mwenyewe alifundishwa sanaa kwa kunakili ubao. Mkuu wake anaulizwa ufaulu wa hisabati na Kiingereza. Hakuna anayemuuliza watoto wamebuni nini. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umelipa somo hili nafasi yake, kwa jina la Sanaa na Michezo. Kabla ya hapo lilikuwa limebanana na mapishi na shughuli nyingine ndani ya Stadi za Kazi. Ni hatua njema. Ila jina kwenye ratiba halimfundishi mtoto kitu, na kipindi hicho bado ndicho cha kwanza kuliwa mtihani ukikaribia.

Mchoraji Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, alisoma sanaa Makerere na akawafundisha watoto kuchora huko Kampala kabla ya kuanzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Anajulikana sana kwa usemi wake kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Maneno makali hayo, na mtu wa teolojia angeweza kubishana nayo, kwa kuwa Mlinzi wa Israeli hasinzii. Lakini angalieni kazi zake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora kwenye kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a, nchini Kenya, picha kubwa tano za maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi msalabani. Kristo wa picha hizo ni Mwafrika, na mambo yote yanatokea kwenye vilima na nyumba ambazo waumini wa pale walizifahamu. Hakuwa na ramani ya Bethlehemu ya kunakili. Alitazama palipokuwa mbele yake, akaamini kwamba Mwana wa Mungu angeweza kuzaliwa hapo. Hayo ni mahubiri, na yako ukutani hadi leo.

Sisi Wamoravian tuna sababu ya ziada ya kuona haya. Askofu Jan Amos Comenius, aliyeishi kati ya 1592 na 1670, ni mzee wetu katika Umoja wa Ndugu, zaidi ya miaka mia mbili kabla ya wamisionari wa Kimoravian kufika Rungwe mwaka 1891. Tauni ilimchukulia mke na watoto, vita vikamfukuza kwao, na mwaka 1656 nyumba yake huko Leszno, Polandi, iliteketea pamoja na maandishi ya miaka mingi. Miaka miwili baadaye, 1658, alitoa kitabu cha shule ambacho kila somo lake lilianza na picha, ili mtoto aone kwanza kitu chenyewe kisha apewe jina lake. Huko nyuma, katika mwongozo wake kwa wazazi wa watoto wadogo, alishauri kwamba mtoto wa miaka minne au mitano apewe chaki, achore nukta, mistari, misalaba na duara. Na kwa familia maskini, alisema, kipande cha mkaa kinatosha.

Kipande cha mkaa. Hivi kweli kuna nyumba Ikolo isiyokuwa nacho?

Tunalalamika kwamba vifaa hakuna, na malalamiko hayo ni ya kweli kama tunazungumzia rangi za dukani na brashi. Lakini mtoto wa hapa amezungukwa na vifaa. Mkaa ni mweusi, majivu ni meupe, udongo mwekundu unapatikana ukipanda kidogo kuelekea milimani, binzari inatoa njano. Mfuko wa saruji ukikung'utwa na kukatwa unatoa karatasi ngumu inayopokea mkaa vizuri kuliko daftari. Udongo wa kufinyangia uko kandokando ya mito, mianzi iko nyuma ya nyumba. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyefika upande huu wa kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, alistaajabia vijiji vya Wanyakyusa, usafi wake chini ya migomba na ustadi wa nyumba za mianzi na udongo. Waliozijenga walikuwa babu zetu, na hawakuwa wamenakili kutoka ubao wowote.

Na walimu je? Twende Ikombe. Mnakijua kijiji hicho cha wafinyanzi, ng'ambo ya Matema, ambako milima inaingia ziwani na watu husafiri kwa mitumbwi. Vyungu vya akina mama wa Kikisi tunavinunua sokoni Lyulilo, tunapikia, tunahifadhia maji, na vinapelekwa hadi Mbeya na mbali zaidi. Mama wa Kikisi hafundishi kwa maneno mengi. Binti anakaa pembeni, anapewa donge dogo, anafinyanga kijichungu chake, kinapinda, anakivunja, anaanza upya. Anajifunza kwa nini mtungi wa maji una mdomo mwembamba, yasimwagike njiani, na kwa nini kuta zake zinapitisha unyevu kidogo hata maji yakabaki baridi. Anajifunza kwa nini chungu cha kupikia kina kitako cha mviringo, kikae vizuri kwenye mafiga na moto ukizunguke sawasawa. Hiyo ndiyo sanaa na ubunifu katika somo moja: kitu kipendeze na kitumike, na aliyekitengeneza aweze kusema sababu ya kila mkunjo.

Mama huyo angealikwa darasani mara moja kwa muhula, akalipwa nauli na jasho lake kama mgeni yeyote wa heshima, watoto wangepata wanachokosa kwa mwaka mzima. Nasisitiza alipwe. Tuna tabia ya kuita kazi ya mikono ya akina mama utamaduni pale tunapotaka kuipata bure.

Tena watoto wenyewe si mikono mitupu. Nani kati yenu hajakutana na mtoto njiani akisukuma gari la waya, magurudumu yamekatwa kwenye kandambili zilizochakaa, usukani mrefu umefungwa kwa mpira ili aliendeshe akiwa wima? Mtoto huyo ametatua tatizo la kukata kona, tatizo la uzito na tatizo la gurudumu kuchomoka, na hakuna mtu mzima aliyemsaidia. Anafika getini, gari linanyang'anywa kwa kuwa ni uchafu, anaingia darasani kunakili bomba la moshi. Bezaleli yuko darasa la tatu, na tumeshamnyang'anya kazi yake.

Katika Yeremia 18 nabii anashuka nyumbani kwa mfinyanzi. Chombo kinaharibika mikononi, na mfinyanzi anakifinyanga tena, kikawa chombo kingine kama alivyoona vema. Najua unabii ule unahusu taifa na hukumu, wala sitaki kuugeuza uwe wa darasani tu. Lakini Mungu alichagua kumfundisha nabii wake kwa kumpeleka kutazama kazi ikiharibika. Katika shule zetu kazi ikiharibika ni fimbo, au kicheko cha darasa zima. Mtoto aliyechekwa kwa ng'ombe aliyemchora kutoka kichwani mwake, mara ya pili atanakili ng'ombe wa jirani. Ya tatu hatachora kabisa, atasema mimi sijui kuchora. Watu wazima wengi humu kanisani wanasema hivyo, na ukiwauliza waliacha lini, watakutajia darasa.

Mwalimu hahitaji kuwa mchoraji ili kufundisha vema. Anahitaji kutochora ubaoni. Awapeleke watoto chini ya mkakao, kila mmoja aokote jani, alitazame kimya, ahesabu mishipa, aguse ukingo wake, kisha alichore kwa mkaa. Atapata majani tofauti kwa idadi ya watoto, na huo ndio ufaulu. Siku nyingine awaambie: bibi anataka kupeleka mayai sokoni Ipinda kwa baiskeli, na barabara mnaijua, mbuni chombo ambacho mayai hayatavunjika, kwa vitu vya hapa tu. Wakimaliza asiseme hiki kizuri, hiki kibaya. Aseme: nieleze, kwa nini umeweka nyasi hapa? Na chombo kikishindwa kijaribiwe tena juma lijalo.

Wapo washarika waliowahi kuniuliza kama kuchora watu na viumbe hakuvunji amri ya pili. Swali ni halali. Amri hiyo iko Kutoka 20, na inakataza kuabudu kilichochongwa. Sura tano mbele, Mungu yule yule anaagiza makerubi ya dhahabu yafuliwe kwa nyundo, na katika sura ya 28 anaagiza pindo la vazi la Haruni lipambwe makomamanga. Anayeogopa sanaa na akisome kitabu chote.

Swali la pili linatoka kwa wazazi, nalo ni gumu zaidi: mtoto atakula picha? Sitawadanganya kwamba kila anayefinyanga atapata ajira. Wengi hawatapata, kama ambavyo wengi wanaosoma kemia hawawi wakemia. Najibu kwa upande mwingine. Mtoto aliyezoea kutazama jani hadi aone mishipa yake ataliona mapema doa la ugonjwa kwenye kakao ya baba yake. Aliyezoea kuulizwa kwa nini, atauliza kwa nini mtaro wa maji umechimbwa upande ule na kila masika tunafurika. Na hata asipoona lolote kati ya hayo, bado ni mtoto aliyeumbwa kwa mfano wa Muumba, na kutengeneza kitu ambacho hakikuwepo jana ni sehemu ya mfano huo. Hatuhitaji ruhusa ya soko ili kumwachia.

Tuanze na nyumba ya Mungu, maana shule ya Jumapili ndiyo darasa ambalo hakuna mtihani wa taifa unaolibana, na bado tunawapa watoto nakala za picha za kupaka rangi, Yesu wa macho ya buluu kwenye nyasi za Ulaya. Nawaomba wazee wa kanisa wenye majengo yanayoendelea wasichome mifuko ya saruji, wailete ofisini. Akina mama, kila mmoja kipande cha mkaa. Nanyi walimu wa shule ya Jumapili, zile picha zilizobaki kabatini msizitupe: zigeuzeni, upande wa nyuma ni mweupe. Jumapili ijayo wasomeeni watoto habari ya dhoruba ziwani, kisha waacheni wachore ziwa wanalolijua.