Nani Anamsomea Mama Ujumbe?

Sisi tulio ughaibuni hutuma fedha nyumbani kwa simu, kisha twalala tukiamini wajibu umekwisha. Lakini yupo mama asiyejua kusoma. Ujumbe ukiingia, humwita mjukuu au jirani amsomee: zimeingia ngapi, zimetoka kwa nani. Akitaka kuzitoa, humtajia hata namba ya siri. Fedha ni zake, siri si yake. Je, tumempa yeye, au tumempa anayemsomea?

Wapo watakaosema kijijini hakuna intaneti, tusubiri. Hoja hiyo haisimami. Nchini Niger, mwaka 2009, watu wazima vijijini, wanawake kwa wanaume, walianza kufundishwa kusoma na kuandika kwa Kihausa na Kizarma. Baadhi ya madarasa yalitumia simu za kawaida, na ujumbe mfupi ukawa zoezi bila intaneti. Waliotumia simu walifaulu kuliko wenzao.

Hata hivyo, tusidanganyike kuwa simu ndiyo mwalimu. Kule Niger iliongezwa juu ya darasa, mwalimu akiwapo. Basi tusikimbilie kununua simu za bei kubwa. Simu mama anayo. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye jioni amfundishe, na posho ya mtu huyo twaweza kuichanga. Nasi tumwandikie mama maneno matatu tu, ayasome mwenyewe.

Siku atakapotujibu kwa mkono wake, ndipo fedha tunazomtumia zitakuwa zake kweli.