Sindano ya Kichina na Itikadi Yetu



Je, inafaa Mwislamu kutibiwa kwa akupancha, ile tiba ya kuchomwa sindano ya Wachina? Kwetu hili si swali la mbali. China imekuwa ikileta timu za madaktari Burundi tangu 1986, kutoka mkoa wa Qinghai, na Zanzibar walianza kufika tangu 1964. Pamoja na upasuaji na dawa za kawaida, walikuja na tiba yao ya kale. (Anayedhani kila kitokacho huko ni cha kikafiri akumbuke kwamba Xining, mji mkuu wa Qinghai, una msikiti mkubwa wa Dongguan wenye umri wa karne kadhaa.)

Kwanza tujue kinachofanyika. Tabibu anakuuliza habari za maumivu, anashika mshipa wa mkono, pengine anatazama ulimi. Kisha anachoma sindano nyembamba mno, isiyo na tundu wala dawa ndani yake, na kuiacha kwa dakika 20 au 30. Kwa kawaida damu haitoki, au hutoka tone tu. Utahisi uzito au ganzi kidogo. Ukihisi maumivu makali, mwambie. Utatakiwa kurudi mara kadhaa. Sindano iwe mpya na ifunguliwe mbele ya macho yako, kwa sababu ya homa ya ini na UKIMWI.

Kinachowatia watu wasiwasi ni maelezo yake. Wachina wa kale walisema mwilini mna nguvu iitwayo qi, inayopita katika njia maalumu, na ikiziba mtu huugua. Waliopasua miili na kuichunguza hawajaziona njia hizo. Ndipo wengine wetu husema haraka: hiyo ni shirki.

Mimi sioni hivyo. Katika Sahihi Muslim, Auf bin Malik anasimulia kwamba walimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ruqya walizokuwa wakizisoma zama za Jahiliya. Aliwataka wamwonyeshe, na akaruhusu zile zisizo na shirki. Asili yake ya Kijahiliya haikutosha kuiharamisha. Kilichotazamwa ni yaliyomo. Tabibu akikutaka uombe mizimu au uvae hirizi, ondoka. Lakini qi ni dhana tu kuhusu mwili, tena huenda ni dhana ya makosa. Ibn Sina naye alijenga tiba yake juu ya humori nne, damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, alizozirithi kwa Wagiriki. Wanazuoni wetu walitibiwa kwa nadharia hiyo karne nyingi, na leo tiba ya kisasa haiifuati. Kukosea kuhusu mwili si kumshirikisha Allah.

Ugumu wenyewe uko pengine. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walitangaza matokeo ya wagonjwa 1,162 wa maumivu ya mgongo. Baada ya miezi sita, waliochomwa penye nukta za Kichina waliopata nafuu walikuwa karibu asilimia 48. Waliochomwa juujuu, mahali pasipo nukta, walikuwa asilimia 44. Waliopewa dawa na mazoezi ya kawaida, asilimia 27. Kwa hiyo sindano ilisaidia, ila ramani ya qi haikuongeza kitu cha maana. Inaelekea sehemu kubwa ya nafuu ilitokana na matarajio ya mgonjwa na kule kuhudumiwa.

Basi tabibu anayelijua hilo, je, anaruhusiwa kuendelea kusimulia habari za qi ili mgonjwa aamini na apate nafuu? Wapo watakaosema ni maslaha. Hadithi ya Ummu Kulthum inataja mahali palipopewa ruhusa katika maneno: kusuluhisha watu, vita, na baina ya mke na mume. Chumba cha tabibu hakimo, na sioni kiyasi cha kukiingiza. Aliyeaminishwa kwamba sindano hufungua kila kilichoziba atakuja nayo kesho kwenye kisukari, aache vidonge vyake, na uongo uliompunguzia maumivu ya mgongo umgharimu mguu. Tabibu aseme analolijua: kwa maumivu ya mgongo au goti, huenda ikakusaidia, dawa zako endelea nazo.

Na kipimo hiki tukipeleke nyumbani pia. Hijama, ambayo wazee huiita kuumika, imethibiti katika Sunna. Lakini kuthibiti kwake hakumpi mtu ruhusa ya kubandika tangazo kwamba inaponya kila maradhi, kuanzia presha hadi utasa. Ibn Khaldun alisema wazi kwamba Mtume alitumwa kufundisha sheria, si utabibu. Unaweza usikubaliane naye, wengi hawakukubaliana naye. Lakini anayewacheka Wachina kwa qi yao, kisha akamuuzia mama mwenye presha vikombe vya hijama bila kumuuliza anameza dawa gani, anatofautiana nao kwa jambo gani?