Dhamana ya Kurudi Juu

Binadamu hupenda kutazama kilichofichwa. Bahari ina kina chake, nyumba ina chumba chake cha ndani, na ardhi ina matumbo yake. Jicho halitulii mpaka limepaona mahali lilipozuiwa. Kwa shauku hiyo wasafiri huingia katika mapango ya Amboni, Tanga. Na wengine huenda Wieliczka, nchini Poland, katika mgodi wa chumvi ulioanza karne ya 13, wenye kanisa lililochongwa ndani ya mwamba wa chumvi. Uchimbaji wa biashara ulikoma huko mwaka 1996, watazamaji hawakukoma.

Swali langu ni hili: je, shimo la kazi laweza kuwa tamasha bila ya kumvunjia heshima aliyelichimba?

Shinyanga na Geita zina mashimo mengi ya dhahabu. Baadhi ni migodi mikubwa yenye mitambo. Mengine ni maduara ya wachimbaji wadogo, yaliyoegemezwa kwa matimba ya miti, ambamo mtu hushuka kwa kamba. Tarehe 5 Oktoba 2015 ardhi iliporomoka huko Nyangalata, Kahama. Tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, watu watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wamekula mizizi, mende na vyura, na kunywa maji yaliyodondoka mle shimoni. Mwenzao mmoja alifia humo humo.

Mtalii na mchimbaji hushuka katika giza moja, lakini hali zao ni mbili. Mtalii hulipa ili aonje hofu, na hofu yake ni tamu kwa sababu amekwisha kudhaminiwa kurudi. Mchimbaji hushuka ili alipwe, wala hana mdhamini. Yule hununua hofu. Huyu huuza usalama wake.

Yamkini mtu atasema kuwa kuona ni kujifunza, na kwamba aliyeshuka mara moja hataitazama tena pete ya dhahabu kwa wepesi. Neno hili lina haki, nami sikatai. Walakini elimu ipatikanayo kwa mwingine kubaki hatarini ni ya ghali mno, na gharama yake hailipwi na mwanafunzi.

Basi mizani yangu ni hii: shimo lifunguliwe kwa wageni baada ya wafanyakazi wake kupewa dhamana ile ile wapewayo wageni, yaani matimba madhubuti, hewa safi, na njia ya pili ya kutokea. Kabla ya hapo, asimamaye ukingoni, akaona, akanyamaza, ana sehemu yake katika deni.