Aliyelipa Naye Abishe Hodi

Kwenye gati za Sliema na Buġibba, kisiwani Malta, msafiri wa majira ya joto huuziwa siku nzima kwa tiketi moja. Vibanda vimepangana, kila kimoja kikiwa na picha ya maji ya buluu, bei, saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Ipo boti kubwa yenye baa na muziki, inayopeleka mamia ya watu kwenye kisiwa kidogo cha Comino. Zipo mashua za upande wa Żurrieq zinazoingiza abiria wachache mapangoni chini ya majabali, ipo ziara ya basi ya kwenda Mdina na Valletta, na ipo ile ya kutembea na mwongozaji katika mahekalu ya mawe ya Ħaġar Qim na Mnajdra. Wanaoshauriana juu ya uchaguzi huu huulizana kuhusu bei, muda, chakula, kivuli na usalama wa watoto, na wana haki ya kuyauliza hayo yote. Lakini liko swali la kifalsafa, nami naamini ni la kidini pia, linalotangulia hayo: anayenunua safari katika nchi ya watu amenunua nini hasa? Jibu langu ni kwamba amenunua mafuta ya boti, kazi ya nahodha na maarifa ya mwongozaji. Ukaribisho hajaununua. Wanaomkaribisha ni wengi kuliko waliopokea pesa zake, na wengi wao hawatamwona kamwe. Kwa hiyo aliyelipa bado ni mgeni, na katika kuchagua safari anachagua awe mgeni wa namna gani.

Wamalta wanalijua jambo hili tangu zamani, kwa kuwa kisa wanachokienzi kuliko vyote ni cha wageni waliotupwa na bahari. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia kwamba meli iliyokuwa ikimpeleka Paulo Roma akiwa mfungwa ilikwama na kuvunjika ufukweni kwao, ikiwa na watu 276. Wenyeji wakawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi, na Publio, mkuu wa kisiwa, akamkaribisha Paulo na wenzake kwa siku tatu. Kumbukumbu ya kuvunjika kwa meli hiyo huadhimishwa Malta kila tarehe 10 Februari. Waislamu nao hufundishwa kwamba mgeni ana haki ya kukirimiwa siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Kando ya kisa hicho naweka kingine, kilichotokea Sisilia, kaskazini tu mwa Malta. Mwezi Desemba 1184, Ibn Jubayr, mwandishi kutoka Andalusia, alikuwa akirudi kutoka Hija katika jahazi la Wagenoa lililoharibika mbele ya mji wa Messina. Anaeleza kwamba wenye mashua walikuja kuwateremsha abiria kwa malipo makubwa, na Waislamu maskini wasio na kitu wakabaki juu ya jahazi lililokuwa likivunjika, mpaka mfalme Mkristo, William II, aliyekuwa amefika kutazama, akatoa pesa ili nao wafikishwe nchi kavu. Nauli ya mashua, basi, si jambo la utalii wa leo. Ila katika visa vyote viwili aliyeokolewa aliishi kwa kitu ambacho nauli haikukifikia, nacho ni ridhaa ya watu wa pale kuwa na mgeni miongoni mwao.

Je, ridhaa hiyo leo inatolewa na nani? Malta, pamoja na visiwa vyake vyote, ina kilomita za mraba 316, wakazi zaidi ya nusu milioni, na mwaka 2024 ilipokea wageni zaidi ya milioni 3. Haina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima, na zaidi ya nusu ya maji ya bomba hutengenezwa kwa kuondoa chumvi katika maji ya bahari, kazi inayokula umeme. Anayeoga akitoka ufukweni anatumia maji hayo. Mkazi wa kisiwa jirani cha Gozo anayekwenda kazini hukaa katika foleni ya kivuko cha Ċirkewwa pamoja na magari ya watalii. Na chini ya boti yenyewe kuna nyasi za bahari za Mediterania, ziitwazo posidonia, ambazo mashina yake hutambaa sentimita chache tu kwa mwaka, huku nanga moja inayokokotwa ikiweza kung'oa kwa dakika chache kilichoota kwa miongo. Visiwa vya Baleari vya Uhispania, ambavyo malisho yake ya posidonia kati ya Ibiza na Formentera yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1999, vilitoa amri mwaka 2018 ya kukataza kutia nanga juu ya nyasi hizo. Hakuna kibanda chochote gatini kinachoweza kuuza idhini ya mkazi wa Gozo, wala ya nyasi zilizotumia muda wote huo kuota. Kinachouzwa ni nafasi kwenye benchi la boti.

Hapa ndipo ninapoona mafundisho ya kale yana nguvu kuliko ushauri wa siku hizi. Sura ya An-Nur katika Kurani inawaamuru waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu waliomo, kisha inaongeza jambo ambalo wengi hulipita haraka: wakiambiwa warudi, basi warudi, na kurudi huko kunawatakasa zaidi. Kila mtoto aliyelelewa katika uswahili anaijua adabu hiyo kwa vitendo. Hubisha hodi mara tatu; asipojibiwa huondoka, tena bila kinyongo. Hodi ambayo haiwezi kukataliwa si hodi, ni tangazo la kuingia. Naye Immanuel Kant, katika kijitabu chake cha 1795 kuhusu amani ya kudumu, aliifikia karibu hoja hiyohiyo kwa njia yake. Kwa kuwa dunia ni mviringo na watu hawawezi kutawanyika bila kikomo, alisema, kila mtu ana haki ya kufika katika nchi ya mwingine na kujitambulisha bila kufanywa adui. Lakini hiyo ni haki ya kuzuru tu, na haki ya kukaa kama mgeni wa nyumba inahitaji mapatano ya pekee. Alikuwa akiwalaumu Wazungu waliogeuza kuzuru kuwa kuteka. Kwa lugha yetu, Kant anampa msafiri haki ya kubisha, na jibu la mlango analiacha mikononi mwa mwenyeji.

Nikiichukua adabu hiyo hadi gatini, kipimo changu cha safari njema kinakuwa hiki: je, ni safari inayoweza kuambiwa irudi, na ikarudi? Mfano ninaouheshimu zaidi ni Hypogeum ya Ħal Saflieni, katika mji wa Paola. Ni kaburi la chini ya ardhi lililochongwa mwambani kwa vizazi vingi, kuanzia takriban mwaka 4000 kabla ya Kristo, na inakadiriwa kwamba watu wapatao 7,000 walizikwa humo. Liligunduliwa mwaka 1902, mafundi walipokuwa wakichimba matangi ya maji chini ya nyumba mpya, na mwaka 1980 likaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Michoro yake ya rangi nyekundu ya udongo ilianza kuharibiwa na wageni kwa kitu ambacho hakuna awezaye kulaumiwa nacho, yaani kupumua. Hewa watu wanayoitoa, unyevu wa miili yao na mwanga wa taa vilitosha. Pakafungwa kwa miaka kadhaa katika miaka ya 1990, na sasa huingia watu 10 tu kwa wakati mmoja, wapatao 80 kwa siku, bila kamera. Wengi hufika Malta wakakosa nafasi. Upande wa pili uko Comino, kisiwa cha kilomita za mraba 3.5 hivi, chenye wakazi wachache mno na ghuba moja ya maji maangavu ya buluu iitwayo Blue Lagoon, ambako kwa miaka mingi boti ziliteremsha maelfu kwa maelfu siku moja, na viti vya kukodi vikafunika sehemu ndogo ya mwamba iliyopo. Mwaka 2022 wanaharakati wa Kimalta waliviondoa viti hivyo kwa mikono yao, na mwaka 2025 serikali ikaanza utaratibu wa kujiandikisha kabla ya kushuka, bila malipo, ili idadi isipite kiwango. Naliona hilo kuwa jibu la hodi lililochelewa sana. Mlango ulikuwapo siku zote. Wenye boti waliuza kana kwamba haupo.

Msomaji anayeijua sura ile ataniuliza juu ya aya inayofuata, isemayo kwamba hakuna ubaya kuingia nyumba zisizokaliwa ambamo mna manufaa yenu. Wafasiri wengi huitaja mifano ya nyumba za wasafiri na maduka. Je, ghuba si mahali pa namna hiyo, pa wote, pasipo mwenyewe? Naikubali hoja hiyo kwa nusu. Bahari haina kufuli na isiwe nayo. Ningehuzunika kuona fukwe za Malta zikigeuzwa mali ya hoteli. Lakini ruhusa ile ni ya kunufaika, na anayekatisha manufaa ya wanaokuja nyuma yake ametoka nje ya ruhusa hiyo. Nyumba ya wasafiri ni ya msafiri wa kesho pia. Wapo vilevile watakaosema kwamba vitu vyote hupita, na kwamba tao la mwamba la Gozo lililojulikana kama Azure Window liliangushwa na dhoruba tarehe 8 Machi 2017 bila kumwomba mtu ruhusa. Ni kweli liliangushwa na bahari. Mgonjwa naye atakufa siku moja, na hakuna dini inayomruhusu jirani kumharakisha.

Pingamizi zito zaidi linahusu riziki. Nahodha wa Marsaxlokk ambaye babu yake alivua samaki, leo analisha watoto kwa kuzungusha wageni, na falsafa ya mtu aliyeketi mbali inaweza kumnyang'anya mkate. Silichukulii jambo hili kwa wepesi. Ila tuangalie nani hasa anapunguzwa na kikomo. Boti ya mamia ya watu inahitaji wingi ili iwe na faida. Mashua ya watu wanane inahitaji bahari safi na mapango yasiyojaa kelele, na msafiri anayeikubali bei yake kwa kichwa, ambayo mara nyingi ni kubwa zaidi. Anayechagua mashua hiyo analipa riziki ya mtu yuleyule tunayeogopa kumuumiza. Na hapo linazuka lingine linalonisumbua kwa kweli: kama safari njema ni ghali na nafasi ni chache, basi adabu imekuwa anasa ya wenye pesa, na familia iliyoweka akiba miaka mitatu ndiyo itakayoambiwa irudi. Sina namna ya kulifuta pingamizi hili lote. Ninachoweza kusema ni kwamba kikomo na bei ni mambo mawili. Nafasi zinaweza kugawanywa kwa kutangulia kujiandikisha, kwa kura, kwa zamu, na utaratibu wa Comino unaonyesha kwamba mlango unaweza kulindwa bila kutoza kiingilio. Mahali ambapo kikomo kinalindwa kwa bei peke yake, hapo lawama ni haki, na msafiri tajiri asijione mwadilifu kwa kuwa tu aliweza kulipa.

Kuhusu anayesema kwamba mtu mmoja zaidi kwenye boti iliyojaa habadilishi kitu, kaburi la Paola limekwisha kumjibu. Hakuna pumzi moja iliyoiharibu michoro ile, na hakuna pumzi isiyokuwamo katika uharibifu wake. Aidha, ombi la ruhusa halifanywi kwa sababu tu kuingia kwetu kutavunja kitu. Hufanywa kwa sababu waliomo ni watu. Ningebisha hodi hata katika nyumba ya chuma.

Limebaki suala la uhuru, kwamba mtu mzima hahitaji kuongozwa na afadhali akodi gari akatembee apendavyo. Wako wanaoweza kufanya hivyo kwa adabu kamili, nami siwazuii. Lakini mwongozaji mzuri, ambaye Malta humtaka awe na leseni, hufanya kazi ambayo ramani ya simu haiwezi: anazungumza kwa niaba ya mahali. Mbele ya Mnajdra atakueleza kwamba jua la kuchomoza kwenye siku za mlingano wa usiku na mchana hupita katikati ya mlango mkuu wa hekalu, na kwamba waliolipanga hivyo walikuwa na ibada ambayo hatujui hata jina lake. Atakwambia usiguse jiwe lipi. Nahodha mwaminifu wa Żurrieq, upepo ukigeuka, hukataa kuondoka na kukurudishia pesa yako, ingawa umesimama mbele yake na tiketi na siku yako ya mwisho. Kwa hiyo yapo maswali ambayo ningependa msafiri ayaongeze kwenye yale ya bei na chakula, na ayaulize kwa sauti pale kibandani: mnabeba watu wangapi, mnatia nanga wapi, na ni lini mara ya mwisho mlikataa kwenda? Muuzaji atakayeshangazwa na swali la tatu amekwisha kulijibu.