Faida ya Wote na Nyumba ya Jirani

Watu husema: barabara ni ya wote, nyumba ni ya mmoja, basi nyumba iipishe barabara. Neno hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Tulipime kwa habari za Tremé, mtaa wa mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani.

Mtaa huo ni wa zamani. Katika karne ya 19 watu weusi na machotara waliokuwa huru walinunua viwanja, wakajenga humo. Nyumba nyingi ni nyembamba, vyumba vimefuatana kimoja nyuma ya kingine, na mlango u karibu sana na njia, hata anayeketi ngazini husalimiana na kila mpitaji. Wataalamu wengine wanaona kwamba ujenzi huo ulitoka Haiti, na kabla yake Afrika ya Magharibi. Humo watumwa walikusanyika siku za Dominika kupiga ngoma, na uwanja wao unaitwa Congo hata leo. Mwaka 1842 likafunguliwa kanisa la Mtakatifu Augustino: waliokuwa huru walilipia viti vya jamaa zao, tena wakalipia na vya watumwa.

Njia yao kubwa, Claiborne, ilikuwa na safu za mialoni, na chini ya kivuli chake watu walifanya sikukuu zao. Mwaka 1966 miti ilikatwa, nyumba na maduka vikabomolewa, ikajengwa barabara ya magari juu ya nguzo za saruji. Barabara nyingine ya namna hiyo ilikusudiwa kupita kando ya mto, mbele ya French Quarter, mtaa wenye sifa na watetezi wenye nguvu. Hao walikataa, na mwaka 1969 serikali ikaufuta mpango.

Basi tujiulize: kama faida ya wote ilikuwa sababu ya kutosha, mbona ilishinda mtaa mmoja, ikashindwa na wa pili? Hatusemi barabara ni mbaya. Twasema kwamba mzigo wanaotwikwa wanyonge peke yao hauwezi kuitwa mzigo wa wote. Tena, fedha zaweza kulipa ukuta na paa. Haziwezi kulipa ujirani wa miaka mia.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, siku tutakapotaka kupanua njia, soko au hata kanisa, tumwulize kwanza mwenye nyumba. Kisha tujiulize wenyewe: je, tungekubali kama ingalikuwa nyumba yetu? Anayesema “wote” bila kumhesabu jirani mnyonge, hajajua kuhesabu.