Pumzi ya Wengi

Katika safu ya wapigaji wa ala za shaba katika okestra mna sheria mbili za pumzi, na kila moja huonekana kuwa adui wa nyingine. Ya kwanza huamuru wote wavute pumzi pamoja. Mpigaji wa kwanza huvuta, na wenziwe husoma humo mwendo na nguvu ya sauti kabla haijatoka. Ya pili hukataza kuvuta pamoja. Sauti ndefu ipitayo uwezo wa kifua kimoja haina budi kugawanywa: mmoja hufifiza sauti yake, hunyamaza, huvuta, kisha hurudi polepole, hali jirani zake wameishikilia.

Mwanzoni mwa *Das Rheingold*, opera ya Richard Wagner iliyochezwa mara ya kwanza Munich mwaka 1869, mabaragumu manane huingia moja baada ya jingine. Mwishowe masikio hayahesabu manane. Husikia mto mmoja, Rhine.

Je, huu si udanganyifu? Msikilizaji huaminishwa pumzi ambayo hakuna binadamu aliyejaliwa. La. Udanganyifu hukwepa deni, na hapa kila mtu hulipa: anyamazaye sasa ndiye atakayembeba mwenziwe baada ya kitambo. Aonaye haya kupumzika, akang'ang'ania mpaka sauti ikatetemeka, si shujaa. Ameharibu kazi ya wote kwa kuogopa kudaiwa. Basi umoja si kulingana kwa nguvu. Ni kukiri upungufu mapema, wakati mwingine angali na pumzi.