Mwiba Usiong'oka

Kalenga, kilomita 15 hivi magharibi ya mji wa Iringa, inajulikana kwa fuvu zaidi kuliko kwa sala. Ngome ya Mkwawa iliangushwa na Wajerumani mwaka 1894, mwenyewe akafa mwaka 1898, na fuvu lililorejeshwa mwaka 1954 limehifadhiwa katika makumbusho ya hapo. Mgeni huliangalia akaondoka. Aghalabu hapandi hadi Tosamaganga, kilima kilicho jirani, ambako Wabenediktini walifungua misheni mwishoni mwa karne ya 19, Wakonsolata wakaipokea mwaka 1919, na ambako leo hospitali na kanisa ni majirani. Ujirani huo si jambo dogo. Wako Wakristo ambao wamewahi kuambiwa wachague moja kati ya hayo mawili.

Lugha yenyewe ina neno la kusema hapa. Mkatoliki wa Uheheni husema "sala". Mlutheri na Mpentekoste hupenda kusema "maombi". Sala ni neno la pwani lililopanda milimani pamoja na misafara na vitabu, na ndani yake mna ibada yenye saa zake, apewe mtu asipewe. Maombi yatokana na kuomba, na kuomba ni kitendo cha maskini aliyesimama mlangoni pa tajiri. Si aibu, Yesu mwenyewe alifundisha watu waombe mkate. Lakini aombaye hungoja, na akikosa hutafuta sababu: ama mwenye nyumba ni bahili, ama mwombaji hakubisha sawasawa. Jawabu la kwanza Mkristo haliwezi, kwa hiyo huangukia la pili. Hajapona kwa kuwa imani yake ni haba. Sijui kama lipo neno katili zaidi la kumwambia mgonjwa, na husemwa kwa sauti ya upole, mkono ukiwa begani.

Ukatili huo ulipata pa kukaa katika Nyanda za Juu za Kusini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007–08 ulionyesha kwamba mkoani Iringa, ambao wakati huo ulikuwa bado haujatengwa na Njombe, watu 15.7 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi vya UKIMWI, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 5.7. Hapakuwa na mkoa uliouzidi. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimekwisha kuanza kutolewa bure nchini tangu mwaka 2004, ila kidonge cha kila siku hakina utukufu wa muujiza. Ndiyo maana mwaka 2011, habari za kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile zilipotoka Samunge, Loliondo, maelfu kwa maelfu walipanga foleni za magari kwa shilingi 500 za dozi moja. Wapo walioacha vidonge. Hawakuwa wajinga; walikuwa wamechoka, na mtu aliyechoka huwa radhi kuuita uchovu wake imani.

Hapa Injili ya Mathayo ina kisa ambacho wahubiri wa uponyaji hukipita mbio. Mshawishi alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamtaka ajitupe chini, na akamthibitishia kwa zaburi kwamba malaika watamdaka. Andiko lilikuwa la kweli, imani iliyodaiwa ilikuwa kubwa, na Yesu akakataa. Mwanamke wa Kalenga anayeambiwa mkeshani atupe vidonge ili Mungu adhihirike, amesimamishwa juu ya kinara kile kile. Anayemsukuma amevaa suti na ameshika Biblia, wala hatakuwapo siku ya kuanguka.

Basi vita vya kiroho, ambavyo siku hizi hutangazwa kwa vipaza sauti usiku kucha, vinapiganwa wapi? Kwa kawaida adui huonyeshwa nje: jirani mchawi, mizimu ya ukoo, pepo mwenye jina. Ni vita vyepesi kwa namna yake, kwani humwachia mwenye kupigana moyo wake vile ulivyokuwa. Mwanamke yule anayo mengine ya kupigana nayo. Ana hasira kwa marehemu aliyemwambukiza. Ana aibu ya foleni ya kliniki, penye macho yanayomjua. Ana usiku ambao anatamani mambo yaishe. Akipiga magoti akayataja haya bila kuyapamba, hajaomba kitu bado, lakini mapambano yamekwisha kuanza, na yupo Mmoja anayemsikia. Kisha huinuka akameza kidonge chake. Hakuna sheria ya imani inayosema kwamba tendo la pili linalitangua la kwanza. Watu wa bara na wa pwani wana neno moja la karibu na kuomba ambalo halisubiri kupewa: kuomboleza. Biblia imelipa kitabu kizima.

Yakobo aliposhindana usiku kwenye kivuko cha Yaboki alipata baraka, na alipata nyonga iliyoteguka. Vyote viwili kwa mkono ule ule. Paulo naye alikuwa na mwiba mwilini, na wafasiri hadi leo hawajapatana ulikuwa ugonjwa gani. Haikumkosesha imani, ni yeye aliyesifiwa kwa kuponya wengine. Alimsihi Bwana mara tatu uondolewe. Haukuondolewa, akapewa neno la kumtosha badala yake. Hapana palipoandikwa kwamba alisihi mara ya nne, wala hapana palipoandikwa kwamba aliacha kusali.